Toa sumu ya panya kwanza, ndipo ulete Jack Russell

Mkuu, nimesoma swali lako kuhusu kununua Jack Russell, yule mbwa mdogo wa kukamata panya, mpaka pale uliposema umeweka sumu ya panya stoo huko Kerege, "ili mbwa akija asikute kazi kubwa", nikashindwa kuendelea. Itoe. Leo hii, kabla hujalala. Ukiwa na mbwa wa panya, sumu ya panya haikanyagi kwenye ua huo.

Mimi niko Pongwe, Tanga. Nilikuwa na Jack Russell wawili, Karafuu na mwanawe. Stoo yangu ya mahindi na nazi ilivamiwa mpaka magunia yakawa yanatobolewa kwa chini. Karafuu alikuwa wa kilo 6 tu, lakini asubuhi nakuta panya watano, sita, wamelala mlangoni. Alikuwa anamdaka shingoni, anamtikisa mara mbili tatu, anamwacha, anamfuata mwingine. Mimi nikaona kasi haitoshi, nikaenda duka la pembejeo kununua sumu.

Nilimuuliza muuzaji mara mbili: nina mbwa wanaokamata panya, hii haitawadhuru? Akanijibu bila hata kusoma pakiti: "Mbwa hali hizi punje, na panya akishakufa sumu imekwisha. Tena wanakauka, hawanuki." Uongo mtupu! Zile punje za buluu zinazuia damu kuganda, na sumu inabaki kwenye ini la panya hata akishakufa. Mtu anauza kitu cha kuua na hajui kinauaje. Mpaka leo siwezi kupita mbele ya duka lile nikamsalimia.

Halafu sikiliza hili. Panya aliyekula sumu ya aina hiyo hafi siku ileile. Anakaa siku kadhaa, analegea, anatoka mchana kweupe akiyumbayumba. Sasa mbwa wako atamdaka nani kwanza? Huyo huyo. Karafuu hakuwa na tabia ya kula panya, lakini wale walegevu alianza kuwatafuna, leo mmoja, kesho wawili. Panya mmoja huenda asingemfanya kitu. Kilichomuua ni kujilimbikiza.

Alianza kuchechemea. Goti la nyuma limevimba, nikadhani mwiba. Nikampa kidonge cha maumivu cha binadamu, nacho, nilikuja kuambiwa baadaye, huzidisha kuvuja damu. Goti lilikuwa limejaa damu, si usaha. Kesho yake nikamkuta amelala barazani, kidevu sakafuni, na pale pua ilipogusa saruji pana doa jekundu la ukubwa wa shilingi. Nikamfunua mdomo. Fizi nyeupe kama nyama ya dafu. Jirani akasema mpe maziwa, nikampa maziwa. Maziwa hayasaidii chochote kwenye hali ile, nimepoteza nusu siku nzima kwa maziwa. Daktari wa mifugo alipofika, Karafuu alikuwa hawezi hata kuinua mkia. Alikufa magharibi ile.

Mwanawe alipona kwa sababu daktari aliuliza swali moja tu: "Sumu mmeweka?" Dawa yake ni vitamini K1, na ni hiyo K1 hasa, usikubali ubadilishiwe. Ikaagizwa Dar, ikaja kwa basi. Alikunywa karibu mwezi mzima, kila siku pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri. Ukikatisha mapema kwa kuona amechangamka, damu inaanza tena.

Usije ukajidanganya kwamba utaificha sumu nyuma ya magunia. Mbwa huyu aliumbwa kwa ajili ya nyuma ya magunia. Kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, ambaye jina lake ndilo amepewa mbwa huyu, mwaka 1819 alinunua jike mweupe aitwaye Trump kutoka kwa muuza maziwa, na kutoka hapo akafuga mbwa wa kuingia shimoni kumbwekea mbweha mpaka atoke. Kifua cha mbwa huyu mpaka leo kinatakiwa kishikike kwa viganja viwili. Pa kupita panya buku, naye atajaribu kupita. Ukimwambia hakuna kitu mle, ataomba apekue mwenyewe.

Chakula kisikusumbue: ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, na dawa ya kupe usikose maana huku pwani kupe ni wengi. Kelele zipo, anabweka. Akinyamaza ghafla ndiyo umtafute, ameshaanza kuchimba.

Ila kwanza stoo. Okota punje zote kwa mkono wenye glavu, fagia chini ya mbao, hesabu pakiti ulizonunua na ulizotoa. Panya waliokufa wafukie chini sana, usiwatupe jalalani. Halafu mwambie anayekuuzia mtoto wa mbwa akusubiri angalau mwezi, kwa sababu walegevu wataendelea kutoka. Wakati huo tumia mitego ya waya, weka nazi iliyochomwa kidogo, wanaifuata kuliko dagaa.

Na huyo jirani uliyesema mnapakana ukuta, anatumia nini kwenye banda lake la kuku? Kamuulize kabla hujatuma hela.