Cha kuangalia kipo tele, wa kubishana naye ndio hakuna

Mkuu umeuliza kwanini watu wanalalamika wakati siku hizi kila mtu anaangalia anachotaka saa anayotaka. Mi nakujibu kwa nilivyoona mwenyewe, maana hili jambo linaniuma kweli.

Tusidanganyane, zamani vipindi vingi vya TV vilikuwa vibovu na tulikuwa tunaviangalia kwa sababu hakuna kingine. Ila tulikuwa tunasubiri pamoja. Tamthilia inakatika pale mlango unafunguliwa hujui anaingia nani, basi wiki nzima darasani ni mabishano tu, huyu kasema hivi yule anakataa, mpaka mtu ambaye hamuivi kabisa mnajikuta mnaongea sababu ya ile stori. Kwangu mi nusu ya utamu ilikuwa kwenye yale mabishano.

Chukua Marekani. Februari 28, 1983 sehemu ya mwisho ya tamthilia ya M*A*S*H iliangaliwa na watu karibu milioni 106 usiku mmoja, na nchi nzima ilikuwa na watu kama milioni 234. Tamthilia ya leo haifiki huko hata iwe kali vipi, na sio kwamba waandishi wameishiwa, watazamaji ndio wametawanyika. Kule kinachofika idadi hiyo sasa ni Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, kwa sababu mechi huwezi kuiweka uje uiangalie wiki ijayo, matokeo utayasikia tu upende usipende.

Halafu 2013 Netflix wakaachia tamthilia ya House of Cards sehemu zote 13 kwa mpigo, na mtindo ukaenea. Raha kweli, sikatai, nimeshakesha sana. Ila mi na dada yangu tunaweza kuwa tunaangalia tamthilia ileile na bado hatuongei, yeye kamaliza mi niko sehemu ya tatu, akifungua mdomo tu nampigia kelele usiniambie, nikija kumaliza yeye ameshasahau yuko kwenye kitu kingine.

Na hizi apu za video fupi ndio zimemaliza kabisa, maana hapo hata uchaguzi sio wako, mashine inasoma umekaa wapi muda mrefu inakuletea kinachofanana na hicho. Mpwa wangu anacheka mpaka machozi, ananionyesha, sielewi kitu, kwa sababu ule utani umejengwa juu ya video nyingine kibao ambazo mi sijawahi kuletewa. Tumekaa kochi moja.

Sisemi turudi zamani. Watu wachache ofisini walikuwa wanaamua wote tuone nini, na wengi lugha yao au maisha yao hayakuonekana kabisa kwenye skrini. Leo wanaonekana, hilo silitoi hata kwa dawa.

Sisi kwenye familia tumekubaliana tamthilia moja, sehemu moja kwa wiki, Jumapili usiku kila mtu alipo, marufuku kuruka mbele. Tukimaliza ndio grupu linawaka moto. Aliyeruka anajulikana haraka, anakuwa kimya sana wenzake wakianza kubashiri. Shida ipo kwenye kuchagua, hapo tunagombana kweli, na hii tunayoangalia sasa hivi kwa ladha yangu ningeshaiacha sehemu ya pili. Naiangalia hivyohivyo.