Kaunta ya jiwe jiko la nje: nimeijenga mara mbili, hapa Mikindani

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujijengea mwenyewe jiko la nje lenye kaunta ya jiwe hapo Mtwara mjini, na kama ununue marumaru au graniti. Unaweza kabisa. Mimi nipo Mikindani, yangu nimeijenga mara mbili kwa mikono yangu, na ile ya kwanza ilidumu miaka minne tu. Jiwe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mchanga.

Zege la kubebea jiwe nililimwaga kwa mchanga uliochotwa jirani na ufukwe, kwa kuwa ulikuwa karibu na mweupe wa kupendeza. Mwaka wa tatu nikaona chini ya kaunta mstari wa rangi ya kutu, umenyooka sawasawa na njia ya nondo. Mwaka wa nne nikagonga kidogo kwa nyundo, ganda la zege likabanduka lote, nondo ya milimita 10 ikabaki wazi, imevimba, inamenyeka magamba meusi ukiigusa kwa kidole. Chumvi ndiyo iliyoila. Chuma kikishika kutu kinavimba, kikivimba kinapasua zege kutokea ndani, na jiwe lililolala juu linapasuka kwa ufa uleule. Tazama nyumba za kale za huku kwetu, za matumbawe na chokaa, zimepigwa na upepo wa bahari zaidi ya miaka mia. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, kuta hazina nondo ya kuliwa. Sisi tunaotia nondo hatuwezi kuichezea chumvi.

Kwa hiyo tafuta mchanga wa mtoni hata kama usafiri wake unauma, na maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima yenye munyu usiyatie kwenye zege. Uwiano ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Slabu, yaani hilo zege la kubebea jiwe, ya mita 2.4 kwa sentimita 60, unene wa sentimita 10, inakula kama mfuko mmoja wa kilo 50, kwa hiyo hapo hakuna sababu ya kubana. Nondo ziinue kwa vipande vya zege, vile mafundi wanavyoviita biskuti, ili zifunikwe na zege sentimita 4 kwenda chini. Funika kwa magunia, mwagilia siku 7, mbao za chini usizitoe kabla ya wiki mbili.

Kuhusu jiwe: chukua graniti. Marumaru ni nzuri ya macho, lakini asili yake ni chokaa, na asidi inaila. Sisi huku samaki hapikwi bila ndimu, na ukwaju haukauki jikoni. Ukienda kununua beba ndimu yako. Kamulia tone pembeni mwa jiwe, subiri robo saa, futa, kisha liangalie kwa kuliinamisha kwenye mwanga. Ukiona doa limefifia mng'ao, jiwe hilo usilinunue, hata muuzaji akiapa kwamba ni graniti. Graniti ya sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. Ibebeni watu wawili au watatu, ikiwa imesimama kwa ubavu. Mkiibeba imelala inaweza kukatika katikati kwa uzito wake yenyewe. Ukiikata kwa grenda, mtu awe anamwagia maji muda wote nawe uzibe pua na mdomo kwa barakoa nzuri, maana vumbi lake linaharibu mapafu kabisa. Hapo nakuomba usifanye haraka.

Sehemu ya moto usijenge kwa matumbawe, ingawa yapo mengi na hayana bei. Chokaa yetu inapatikana kwa kuyachoma hayohayo, sasa ukiyaweka kando ya makaa kila siku unategemea nini? Tumia tofali za kuchoma, uzishikize kwa udongo wa kichuguu badala ya saruji, na kati ya tofali na graniti acha nafasi ya kidole. Vitu hivi havitanuki sawa.

Ukuta mzima uweke upande wa kusini na kusini-mashariki. Kusi likianza, jiko lililo wazi upande huo halipikiki, moshi wote unaingia machoni na mkaa unaisha upesi.

Na korosho: usizichomee wala kuzibangulia juu ya kaunta. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na kwenye jiwe yanaacha doa la kahawia. La kwangu lipo karibu na sinki, nimelisugua kwa sabuni na majivu miezi mingi na bado lipo. Korosho zetu sasa tunachomea kwenye debe, nyuma kabisa ya uwanja.

Nitajie urefu wa kaunta unayoitaka nikupigie hesabu ya nondo.