Dada, nimechelewa?

Juzi kuna mdogo wangu kanitumia meseji. Ana miaka 29, kaigiza jukwaani miaka sita, kwenye TV hajaonekana hata mara moja, sasa anataka kuachana nayo akauze vitenge na mama yake. Mwisho kauliza, "Dada, nimechelewa?" Nimekaa na hilo swali siku tatu manake nilishajiuliza mwenyewe sana tu.

Mdogo wangu, unamjua mwigizaji Lucian Msamati? Mi nilimuona kwenye ile tamthilia ya Game of Thrones, yule haramia Salladhor Saan, nikapita zangu, mpaka majina yalivoanza kushuka mwishoni nikasimamisha. Msamati! Hilo jina mbona la kwetu? Kutafuta, kumbe wazazi wake Watanzania, yeye kazaliwa Uingereza 1976 akakulia Zimbabwe. Usiku ule nilisoma mpaka simu ikazima.

Huyu mtu alianzia Harare, miaka ya 1990, yeye na wenzake wakaanzisha kikundi chao wenyewe cha maigizo ya jukwaani, Over the Edge, na pembeni alikuwa anaandika matangazo ya biashara. London kaenda 2003. Halafu 2015 ndo akacheza Iago kwenye Othello, mchezo wa Shakespeare, pale Royal Shakespeare Company, kampuni kubwa ya maigizo ya jukwaani huko Stratford, Uingereza, mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo kwenye kampuni ile. Iago ndo yule anayemjaza Othello wivu mpaka anamuua mkewe, na safari hii Othello naye alikuwa mweusi, Hugh Quarshie, yaani hapo ndo unaelewa kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka uliofuata akawa Salieri kwenye mchezo wa Amadeus, ukumbi wa National Theatre, London. Hebu piga hesabu toka Harare mpaka hapo ni miaka mingapi, afu uniambie wewe wa miaka sita umechelewa nini.

Sasa yangu. Miaka tisa iliyopita niliitwa usaili wa tamthilia moja, sitaitaja. Nilifika saa mbili asubuhi, nikabandikwa karatasi ya namba kifuani kwa pini, nikaitwa saa kumi jioni na njaa yangu. Nikaigiza kama nilivofundishwa, sauti imfikie aliyekaa kiti cha mwisho. Dairekta akanyanyua mkono, "Dada, kamera iko hapa hapa, unampigia nani kelele?" Watu wakacheka. Akanipa nafasi ya mama ntilie, mistari miwili, "Chai bado. Kaeni." Nikakataa! Nilienda kutafuta nafasi kubwa, mi sio wa mistari miwili, nikachomoa ile pini nikaondoka. Yule mama ntilie alivyopewa mwingine watu wakampenda, wakamuongezea sini, msimu wa pili ana mume, ana kesi mahakamani, ana kila kitu. Nilikuwa namuangalia kwa jirani nameza mate tu. Mpaka leo nikisikia muziki wa ile tamthilia natoka sebuleni.

Kwahiyo nakwambia kwa uchungu, pokea kidogo unachopewa. Na jifunze kushusha sauti, jukwaani unamfuata mtazamaji alipo, kwenye kamera yeye ndo anakufuata, macho yakicheza kidogo tu ameshaona. Hilo sikuambiwa na mtu, nimelijua baada ya kuaibika. Na nasema tena, kidogo pokea, kiburi kimewamaliza wengi wenye vipaji kuliko njaa ilivyowamaliza.

Jukwaa nalo usilidharau eti ni daraja tu la kwendea kwenye TV. Msamati kacheza tamthilia ya Gangs of London, kacheza kadinali kwenye filamu ya Conclave, na bado 2024 alirudi jukwaani London na mchezo wa Waiting for Godot. Mtu ameshaonekana dunia nzima na usiku anapanda jukwaani mbele ya watu walewale waliokata tiketi. Vijana wetu wakipata tangazo moja la sabuni mazoezini huwaoni tena, inaniuma sana hii.

Vitenge uza, mdogo wangu, kodi ya nyumba haisubiri. Ila Jumamosi saa nne tuna mazoezi, nafasi iliyobaki ni ya mkunga, mistari mitatu. Njoo na kanga mbili.