Kumfungia paka ndani usiku wa Idi: je, naingia katika dhambi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Naishi Mombasa, Mji wa Kale. Mwaka jana mwezi ulipotangazwa, vijana wa mtaani walianza kupiga fataki. Paka wangu akatoka mbio, hakuonekana siku tatu, akarudi anachechemea. Mwaka huu nataka kumfungia chumbani mpaka kelele zipite, lakini mume wangu ananikumbusha Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nifanye nini? Na lile la mwaka jana, nina dhambi nalo?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Mumeo amekumbusha jambo zito, Allah amlipe kheri. Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Ibn Umar, na wameitoa Bukhari na Muslim. Lakini isomeni mpaka mwisho wake. Mtume (s.a.w.) amesema mwanamke yule aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia hadi akafa: hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwacha akala wadudu wa ardhini. Tazama kosa lilivyoelezwa. Alimzuia kujitafutia, kisha naye hakumpa kitu. Ukimfungia mnyama, riziki yake ya saa hizo imehamia shingoni mwako. Ndiyo maana wanazuoni wameichukua Hadithi hii hii kuwa dalili kwamba kumweka paka ndani kunajuzu, madamu analishwa na kunyweshwa.

Basi mfungie, wala usisite. Kwa hali uliyoieleza, kumwacha nje ndiko kunakonitia hofu.

Usingoje mpaka mwezi utangazwe. Ramadhani huwa siku 29 au 30, na hatujui ni ipi mpaka jua lizame. Tangazo likitoka, fataki ya kwanza hulia hata hujainuka kwenye futari. Tarehe 29 muingize paka kabla ya Magharibi. Mwezi usipoandama, fanya hivyo hivyo kesho yake. Chagua chumba kilicho mbali na barabara, ufunge madirisha. Muwekee maji, chakula, beseni la mchanga wa kujisaidia, na kanga uliyoivaa ili apate harufu yako. Akijificha mvunguni mwa kitanda mwache, usimvute. Masikio yake husikia hata sauti nyembamba tusizozisikia sisi. Mlio unaokushtua wewe, yeye unamtia kiwewe. Na udi wa sikukuu chomeni ukumbini, si katika chumba alichofungiwa, kwani hana pa kuukimbia moshi.

Asubuhi nenda ukasali Idi na wenzako, usibaki nyumbani kwa ajili yake. Hatari ya mchana ni mlango. Watoto wanaokuja kuchukua mkono wa Idi huingia na kutoka bila kufunga, kwa hiyo mpe mtu mzima mmoja jukumu la ufunguo wa chumba hicho.

Kisha kuna sahani za pilau. Wengi humtupia paka mabaki wakitaraji thawabu, na nia hiyo ni njema. Lakini mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vikamchoma koo na matumbo, vitunguu na thomu huharibu damu yake, na chokoleti kwake ni sumu. Ukitaka kumfurahisha, mpe samaki aliyechemshwa bila viungo, aliyetolewa miba.

Mkisafiri kwenda kwa jamaa, hapo ndipo Hadithi aliyoitaja mumeo inapokuhusu hasa. Kumjazia bakuli na kufunga nyumba siku tatu hakutoshi. Maji humwagika, chakula huoza. Mwachie jirani ufunguo aingie kila siku. Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, ngamia akamlalamikia kwa machozi. Akampangusa mpaka akatulia, kisha akamuuliza kijana mwenye ngamia: humwogopi Allah kwa mnyama huyu aliyekumilikisha?

Ama ya mwaka jana, hukukusudia wala hukujua. Allah ametufundisha tuombe katika Suratul Baqara, aya ya 286: Mola wetu, usituchukulie tukisahau au tukikosea. Dada yangu, usijitese kwa hilo. Mtazame mguu ule tu, na akiwa bado anachechemea mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Limebaki la fataki zenyewe. Mtaani mwenu kuna wagonjwa, vichanga na wazee, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Juu ya hayo, pesa zinateketea hewani katika usiku ambao kuna nyumba hazina unga. Mimi siwezi kuiita hiyo furaha ya Idi, na takbira tunazo. Mumeo azungumze na wazazi wenzake barazani mapema, kumi la mwisho likianza, kabla fataki hazijanunuliwa. Zikishaingia mikononi mwa watoto, kuwapokonya usiku wa Idi kutaleta vilio na ugomvi wa majirani.

Wallahu a'lam.