Maswali ya Wasomaji: Mlo wa daraja la biashara kwenye safari za saa tatu hadi sita

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: chakula cha mbele ya pazia, yaani daraja la biashara na daraja la kwanza, kwenye safari za kati. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Swali: Ndugu wahariri, salaam. Nasafiri mara kwa mara mwendo wa saa tatu na nusu, daraja la biashara. Kila kitu huletwa kwa mpigo kwenye sinia moja: saladi, chakula cha moto, jibini na kitindamlo. Kwenye safari ndefu shirika hilohilo huleta sahani moja baada ya nyingine. Je, tunapunjwa?

Jibu: Pengine mnapunjwa kidogo, lakini anza na hesabu ya dakika. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa tena. Una dakika 210. Toa 25 za kujongea uwanjani, pa kuondokea na pa kufikia. Toa 15 za kupaa, wakati wahudumu nao wamefunga mikanda. Toa 35 za mwisho, kwa sababu ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, na kufikia hapo vyombo viwe vimekusanywa na matoroli yamekomewa mahali pake. Umebakiwa na dakika 135 za taulo ya moto, kinywaji, kuchukua maagizo, kula, kuondoa vyombo na kahawa.

Kisha lifikirie jiko lenyewe. Kwenye ndege yenye ujia mmoja, kama Airbus A320 au Boeing 737, sehemu ya mbele mara nyingi ina viti 8 hadi 16, oveni moja au mbili, na wahudumu wawili: mmoja kwenye ujia, mwingine jikoni. Huyo wa jikoni ndiye pia anayewapelekea marubani chakula chao. Chakula kilichotoka kwenye ubaridi wa nyuzi 5 za Selsiasi kinahitaji dakika 20 hadi 25 ndani ya oveni. Ukiwa na abiria 12 na kila mmoja akachukua dakika moja tu ya kuondolewa sahani na kuwekewa nyingine, kila awamu ni dakika 12 za mtu mmoja, bila kuhesabu anayetaka kuongezewa kinywaji na anayetaka kwenda msalani wakati toroli limeziba njia.

Kwa hiyo chini ya saa mbili na nusu, sinia moja ni uamuzi wa busara. Kwenye saa tatu na nusu kama yako, utaratibu mzuri ni wa kati na kati: sinia ije na vya baridi, oveni ikiwa bado inafanya kazi, kisha chakula cha moto kiwekwe humohumo ukishamaliza saladi. Hapo hupati sahani ya moto inayopoa huku ukihangaika na mkate. Zaidi ya saa nne, sinia moja ni suala la gharama, si la muda. Mashirika huhesabu kila punje: Robert Crandall, aliyeongoza American Airlines, anakumbukwa hadi leo kwa kuondoa zeituni moja kwenye saladi miaka ya 1980 ili kuokoa fedha.

Unaweza pia kuomba: “Tafadhali niletee cha baridi kwanza, cha moto nitakiomba.” Wengi hukubali. Ila usikicheleweshe sana, kwa sababu kinakusubiri ndani ya oveni ya moto na kila dakika kinakauka.

Swali: Kwa nini nyama ya kuchoma ya kwenye ndege huwa ya kijivu na ngumu, hata nikiomba isiive sana? Nichague nini badala yake?

Jibu: Kwa sababu haipikwi huko angani. Hupikwa ardhini, hupozwa kwa kasi hadi chini ya nyuzi 5, hupangwa kwenye chombo, hufunikwa kwa foili, kisha ndani ya ndege hupashwa tu. Mpishi huichoma nje ipate rangi na kuiacha ndani iwe bado nyekundu, akitegemea oveni imalizie. Tatizo ni kwamba nyama hupoteza wekundu wake ikivuka nyuzi 60 na kitu, na ili iwe moto wa kuridhisha na salama inavuka hapo. Kumwomba mhudumu aitoe mapema hakusaidii sana, kwani naye ana joto na muda aliowekewa na shirika.

Kuna jambo la pili ambalo abiria halioni. Oveni ya ndege hupuliza hewa moto kwa feni, na vyakula vya aina mbili au tatu huingia pamoja. Samaki angetosheka na dakika 15, nyama ya mchuzi inataka 25. Oveni ikiwa moja, anayeumia ni samaki. Hata ndani ya oveni hiyohiyo, chombo kilicho karibu na feni huungua pembeni wakati cha upande wa pili bado ni vuguvugu katikati. Oveni za mvuke zimepunguza ukavu, lakini si kila ndege inazo.

Chagua vitu visivyoharibika kwa kupashwa mara ya pili. Nyama iliyochemshwa polepole kwenye mchuzi inaongoza: mafuta na ute wake huilinda, na ikikaa dakika tano zaidi haidhuriki. Paja la kuku hushinda kidari, ambacho hakina mafuta na hugeuka nyuzinyuzi. Samaki mnene mwenye mchuzi ni afadhali kuliko mwembamba mkavu. Tambi zilizojazwa kitu ndani hustahimili, ila zile nyembamba zenye mchuzi mwepesi hunywa mchuzi wote na kuvimba. Chochote kilichokaangwa kiwe kikavu kiepuke, kwa kuwa foili hufungia mvuke na ganda linalegea. Kimanda cha asubuhi nacho ni bahati nasibu: yai likipashwa kupita kiasi hutoa maji, huwa kama mpira, na pengine hupata ukijani kutokana na salfa na madini ya chuma yaliyomo.

Ladha ni suala jingine. Hewa ndani ya ndege ni sawa na ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na unyevu mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Pua hukauka, na pua ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, kwa kazi iliyofanyiwa Lufthansa mwaka 2010, ilionyesha kuwa chumvi na sukari hufifia sana katika hali hiyo, huku uchachu na uchungu ukibaki karibu vilevile. Kelele za injini nazo huzima utamu lakini haziizimi ladha nzito ya nyanya iliyoiva, uyoga na jibini iliyokomaa. Basi ukikuta kwenye menyu kitu chenye mchuzi wa nyanya au uyoga, hicho kimepangwa na mtu anayejua kazi yake.

Swali: Nikikaa safu ya mwisho ya daraja la biashara, kila mara naambiwa chakula nilichotaka kimeisha. Wanapakia kwa hesabu gani?

Jibu: Hupakia kwa kukisia. Kwa abiria 12 huenda zikaja sahani 7 za kuku na 6 za samaki. Ziada ni sahani moja au mbili, si zaidi, kwa sababu kisicholiwa hutupwa. Wanane wakitaka kuku, wa nane amekosa. Nani awe wa nane hutegemea utaratibu wa shirika. Baadhi huanza mbele siku zote. Mengine huanza mbele kwa safari zenye namba shufwa na nyuma kwa zenye namba witiri. Mengine hutanguliza wanachama wao wa ngazi ya juu, hata wakiwa safu ya mwisho.

Dawa yake ni kuchagua kabla ya kusafiri. Singapore Airlines ilijijengea jina kwa mpango wa namna hiyo, ambapo abiria huagiza angalau saa 24 kabla, na siku hizi mashirika mengi huruhusu kuchagua kwenye programu ya simu. Agizo hilo hupakiwa kwa jina lako na halimo kwenye kinyang’anyiro. Kama hukuwahi, mtajie mhudumu mapendeleo yako kwa upole wakati wa kinywaji cha kukaribisha, kabla ya milango kufungwa. Na usinune ukiona sahani imebaki jikoni baada ya kuambiwa zimeisha: rubani na msaidizi wake kwa kawaida hula vyakula tofauti, ili kimoja kikiwa kibovu wasiugue wote wawili.

Swali: Niliagiza chakula kisicho na kitu chochote cha mnyama. Mara ya kwanza kililetwa chenye jibini, mara ya pili hakikuja kabisa. Kosa liko wapi?

Jibu: La kwanza ni la herufi. Vyakula maalumu huagizwa kwa alama za herufi nne, na tatu kati yake huchanganywa sana. VGML haina nyama, maziwa wala mayai. VLML haina nyama lakini ina maziwa na mayai. AVML ni ya mbogamboga yenye viungo vya Kihindi, na inaweza kuwa na maziwa. Ukisema tu “silagi nyama” kwa simu, anayekupokea atachagua mojawapo. Taja herufi mwenyewe. (Nyingine za kukumbuka: MOML ya Waislamu, KSML ya Wayahudi, DBML ya wenye kisukari, GFML isiyo na gluteni.)

La pili hutokea njiani. Agizo hufungwa kwenye safari mahususi. Ukihamishiwa ndege nyingine, iwe kwa hiari yako au kwa sababu ya kuchelewa, mara nyingi halikufuati. Tiketi ikiwa imeuzwa na shirika moja na ndege inarushwa na jingine, wasiliana na linalorusha, kwa kuwa jiko ni lake. Ukibadilishana kiti na mwenzako baada ya kupanda, sema, kwani lebo ya chombo ina namba ya kiti cha awali. Na agizo la safari ya kwenda si la kurudi: kagua kila kipande peke yake. Kwenye kumbukumbu ya safari, alama HK maana yake limethibitishwa. Ukiona NN, bado linaombwa.

Saa 24 ndicho kipimo cha kawaida cha kuagiza. KSML mara nyingi hutaka muda mrefu zaidi, kwa kuwa hutoka jiko maalumu ikiwa imefungwa kwa lakiri, nawe huonyeshwa lakiri hiyo kabla haijapashwa.

Swali: Chai haina ladha. Ni majani mabaya?

Jibu: Ni maji. Kwenye kanieneo ya ndani ya ndege maji huchemka kwenye nyuzi 92 hadi 94, na chai nyeusi hupenda maji ya karibu 100. Iache ikae dakika moja au mbili zaidi kwenye kikombe kilichofunikwa. Chai ya kijani haidhuriki, yenyewe hupenda maji ya chini ya hapo.

Swali: Mama yangu ana kisukari na hudunga insulini kabla ya kula. Adunge wakati gani akiwa ndani ya ndege?

Jibu: Kama anatumia insulini ya kabla ya mlo, asidunge kwa kusikia harufu ya chakula wala kwa kuona toroli. Asubiri sahani iwe mbele yake. Hewa ikianza kutikisika, wahudumu huamriwa kufunga kila kitu na kukaa, na huenda ikapita nusu saa bila mlo wakati insulini tayari imeanza kazi. Awe na kitu cha sukari na vitafunio vyake mfukoni. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini kwa sababu inaweza kuganda. Kuhusu DBML, ajue kuwa mara nyingi ina wanga kidogo. Akidunga kipimo chake cha kila siku, sukari inaweza kushuka mno. Wagonjwa wengi huona ni rahisi zaidi kula chakula cha kawaida wanachokijua. Kipimo chenyewe apange na daktari wake kabla ya safari, hasa akivuka majira ya saa.

Swali: Safari ya usiku ya saa tano. Nile au nilale?

Jibu: Kula kabla ya kupanda, kisha lala. Ukitaka vyote, mwambie mhudumu kabla ya kuruka akupe kila kitu kwa pamoja mara oveni inapokuwa tayari, na useme wazi kama uamshwe kwa mlo wa pili, ambao kwa kawaida huanza saa moja na zaidi kabla ya kutua. Usiposema, atakuacha.

Na usiku huo punguza maharage na soda. Gesi tumboni hutanuka kwa karibu theluthi moja ndege ikiwa juu.

Swali: Ndege ilichelewa saa tatu tukiwa tumeshapanda. Chakula kilicholetwa baadaye kilikuwa salama?

Jibu: Inategemea kilikaa wapi. Vya baridi hutunzwa kwenye matoroli yenye barafu kavu, ambayo ina ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri, au kwenye sehemu zinazopozwa kwa mashine. Barafu hiyo huyeyuka kuwa gesi taratibu, na siku ya joto huisha mapema. Shirika makini hupima joto la chakula kabla ya kuondoka na kuagiza kingine kikivuka kiwango. Kilichokwisha kupashwa kisipoliwa lazima kitupwe. Hakipozwi kikapashwa tena. Hiyo ndiyo sababu baada ya kuchelewa sana unaweza kupewa sandwichi na tunda licha ya tiketi yako ya bei.

Wewe una vipimo viwili rahisi. Cha baridi kiwe baridi kweli ukikigusa, hasa maziwa, samaki na saladi zenye mayai. Cha moto kifuke mvuke katikati, si pembeni tu. Kikiwa vuguvugu, kirudishe bila aibu.