Maswali na Majibu: Daiverta Inapogeuza Njia, na Inapokataa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu mabomba yanayosafirisha bidhaa kwa hewa, hasa kile kifaa cha kugeuza njia ambacho mafundi wengi hukiita daiverta. Tumechagua tano.

Tunapuliza unga kwenda silo mbili kupitia daiverta ya kibao (bamba linaloyumba kufunga tawi moja au jingine). Silo ya 1 haina shida. Tukipeleka silo ya 2, bomba huziba mita chache baada ya daiverta. Tumezibua, tumebadilisha sili (mpira wa kuzuia hewa) ya upande wa 2, tumeongeza kasi ya blowa inayosukuma hewa, na bado. Tufanyeje? – Fundi wa zamu

Ndugu fundi, sili mliyobadilisha si yenyewe. Mnapopeleka silo ya 2, kibao kimelalia mdomo wa tawi la 1, na kazi yake ni kuufunga. Hewa ikitoroka, inatorokea hapo. Kwa hiyo dalili mnaiona upande wa 2, lakini kiti (mahali kibao kinapokaa kikifunga) kilicholika ni cha upande wa 1. Kosa hili hufanywa sana, na tawi lisilo na kosa ndilo hufunguliwa kila mara.

Hesabu yake ni hii. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 100 lenye hewa ya mita 18 kwa sekunde hupitisha takribani mita za ujazo 509 kwa saa. Asilimia 15 ikipenya kwenye kibao, bomba linalobaki lina mita 15.3 kwa sekunde tu. Mifumo ambayo chembe huelea hewani huendeshwa kwa kawaida kati ya mita 15 na 30, kwa hiyo mmeshuka hadi ukingoni. Unga unaanza kutua chini ya bomba, unajenga kilima, kisha unaziba. Huziba baada ya daiverta kwa sababu hewa imepungua kuanzia hapo.

Kama mfumo ungekuwa wa kuvuta, mambo yangegeuka. Pale daiverta inapokusanya mabomba kadhaa kuelekea kwenye pampu moja, sili mbovu huingiza hewa ya tawi lililolala, na bomba linalotoka kwenye chanzo ndilo linalokosa nguvu. Huko bomba huziba kabla ya daiverta. Basi kabla hujashika spana, uliza kwanza: limeziba upande upi?

Kuthibitisha si kazi ngumu. Angalieni kama kichujio cha silo ya 1 kinachafuka wakati mnajaza ya 2. Kisha endesheni bomba likiwa tupu kwenda silo ya 2 na msome geji ya blowa: ikiwa chini ya ile iliyoandikwa mfumo ulipokuwa mpya, hewa ina njia ya pembeni. Kwa uhakika zaidi, zimeni kila kitu, toeni shinikizo, fungueni kapulingi ya tawi la 1, halafu washeni blowa bila unga. Fundi asimame pembeni akiwa na miwani, asogeze kipande cha karatasi laini ya plastiki kwenye mdomo ule. Kikipeperuka, jibu mnalo.

Mkifungua daiverta, msikimbilie sili moja kwa moja. Kagueni kwanza unga ulioganda nyuma ya kibao. Gamba la milimita chache linatosha kukizuia kisifike kwenye kiti. Kisha shikeni kibao mkitikise: kama shafti (mhimili wake) inapwaya kwenye bushi, sili mpya italika upande mmoja mapema sana. Mwisho tazameni boliti za kikomo. Kibao kinatakiwa kikandamize kiti kabla pistoni haijafika mwisho wa silinda ya hewa inayokigeuza. Pistoni ikifika kwanza, kibao kimeachwa kinaning'inia.

Blowa irudisheni kasi yake ya zamani. Kulika kwa chuma hupanda haraka kuliko mwendo. Mwendo ukiongezeka kwa asilimia 20 kulika huko kunaweza kuzidi mara moja na nusu, na kiti kinachovuja ndicho kinacholiwa kwanza.

Na tahadhari: silinda ya kipenyo cha milimita 80 kwenye hewa ya bar 6 husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300. Fungeni hewa kwa kufuli, itoeni yote iliyobaki kwenye silinda, ndipo mkono uingie.

Je, ninaweza kugeuza daiverta huku bidhaa inapita, ili nisipoteze muda? – Mwendeshaji wa mtambo

Hapana, labda mtengenezaji awe ameandika wazi kwamba inaruhusiwa. Kibao kinachofunga juu ya bidhaa hukata sili yake chenyewe.

Utaratibu ni huu. Simamisha ulishaji, blowa iendelee. Subiri shinikizo lirudi kwenye kiwango cha bomba tupu na litulie hapo sekunde 5 hadi 10. Kama sili ni ya kujazwa hewa, itoe hewa sasa. Ukizungusha ikiwa imevimba utaichana. Geuza. Subiri sensa ithibitishe kwamba imefika, jaza sili, ndipo uanze kulisha. Sensa isipojibu ndani ya sekunde chache, programu itoe king'ora na ulishaji ubaki umezimwa.

Usitegemee saa peke yake. Bomba la mita 60 lenye hewa ya mita 20 kwa sekunde hupitwa na hewa kwa sekunde 3, lakini bidhaa huenda polepole kuliko hewa, na ile iliyolala kwenye kona huchelewa zaidi. Geji ndiyo inayosema kweli.

Sensa nayo ina hila yake. Ikifungwa kwenye silinda, itaripoti kwamba silinda imesogea. Kama kabari ya shafti (inayoifunga na kibao) imekatika, kibao kimebaki palepale na skrini inaonyesha kila kitu sawa. Ifunge upande wa pili wa shafti, isome kibao chenyewe.

Jambo jingine: daiverta ya kizibo kinachozunguka (chenye tundu la kupitisha bidhaa) hufunga njia zote mbili kwa muda mfupi katikati ya mzunguko. Blowa itapandisha shinikizo ghafla, kwa hiyo vali ya usalama lazima iwepo na iwe imejaribiwa. Ya kibao haina tabia hiyo, kwa kuwa katikati njia zote huwa wazi.

Kwa chembe za plastiki, kibao au kizibo? – Msimamizi wa kiwanda

Kizibo chenye tundu lililonyooka. Chembe ngumu hupenda kubanwa kwenye ukingo wa kibao. Ila tundu liwe na kipenyo kilekile cha bomba na lilingane nalo likifika mwisho; hata ngazi ya milimita 2 hugongwa na kila chembe inayopita. Mkiona nyuzi nyembamba zimenasa humo, daiverta haina kosa: chembe zinakwenda kasi mno, zinasuguana na ukuta wa bomba, zinayeyuka kidogo na kuacha utando unaobanduka. Punguzeni mwendo. Na mvushe waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) kutoka bomba hadi bomba, kwani sili za mpira huweza kutenga vipande vya chuma na umeme tuli ukajikusanya.

Hospitali yetu ina mabomba ya kutuma sampuli. Chupa ya kubebea hukwama kwenye daiverta ileile. Nianzie wapi? – Fundi wa matengenezo

Anza na chupa. Tuma nyingine tupu, yenye mikanda mipya ya kitambaa, njia hiyohiyo. Ikipita mara kadhaa, tafuta chupa zenye mikanda iliyolika au mifuniko isiyofunga vizuri. Ikikwama nayo, fungua sanduku. Ndani kuna kipande cha bomba kilichopinda, kinachozungushwa na mota yenye gia kutoka tundu moja hadi jingine. Kikisimama milimita kadhaa kabla ya tundu, kunakuwa na ukingo unaodaka chupa. Sababu huwa mkanda wa mota au gia iliyolegea, au sensa ya mahali yenye vumbi. Futa pia macho ya sensa ya kupita: isipoiona chupa, mfumo unaweza kugeuza bomba nayo ikiwa nusu ndani. Ikitokea hivyo usiilazimishe mota. Irudishe nyuma taratibu kwa mkono baada ya kuzima umeme, na uchukulie kwamba sampuli imevuja mpaka uhakikishe haijavuja.

Umeme ukikatika, daiverta yetu hurudi njia ya 1 yenyewe na bidhaa huchanganyika. – Fundi umeme

Mna vali ya hewa (inayoelekeza hewa kwenye silinda) yenye koili moja na springi. Umeme ukipotea, springi huirudisha nyumbani wakati bomba bado limejaa. Wekeni ya koili mbili, inayobaki mahali ilipokuwa. Umeme ukirudi, programu isome sensa kwanza, ipulize bomba mpaka liwe tupu, ndipo iruhusu ulishaji.