Tukaandika sifuri, sasa faida yake nini?

SWALI: Dada salaam. Mimi ni Mkenya, naishi Canterbury kaunti ya Kent huku Uingereza, nafanya kazi ya zamu ya kuhudumia wazee. Jirani yangu, mama mstaafu, yuko kwenye kikundi cha kaunti cha kujitolea kuhesabu vipepeo na ananivuta nijiunge. Nikamfuata mwezi wa nne, jua lilikuwepo, tukatembea njia yote hatukuona hata mmoja, yeye akaandika sifuri na akarudi ameridhika kabisa! Sasa kuhesabu kunamsaidia nini mdudu? Halafu majina siyajui, wale wa kahawia wote naona ni wale wale. Niendelee ama niachane nayo?

JIBU: Endelea mdogo wangu, tena ushukuru umepata jirani wa namna hiyo. Ile sifuri ni kazi kamili. Hebu fikiria kila mtu angekuwa anaandika zile siku zilizonoga tu, karatasi zingesema mambo safi miaka nenda miaka rudi na huku vipepeo wanaisha. Ndo maana sheria zimekazwa: njia ile ile, kila wiki kuanzia 1 Aprili mpaka mwisho wa Septemba, yaani wiki 26, unatembea taratibu na unahesabu wale tu walio ndani ya mita 5 mbele yako na mita 2.5 kila upande, akipita mzuri vipi kule mbali unamtazama kwa macho tu, kwenye hesabu haingii. Joto likiwa chini ya nyuzi 13 hamtoki. Mpango huu wa taifa ulianza 1976, na sababu ya kuaminika kwake ni watu kama huyo mama wanaorudia jambo moja bila kuchoka, ndo maana leo mtu akisema vipepeo wamepungua ana kitu mkononi cha kuonyesha.

Sasa mdudu anasaidikaje. Hapo Canterbury mna msitu wa Blean, na ndani yake yupo kipepeo anaitwa Heath Fritillary, rangi ya chungwa yenye mistari myeusi kama wavu, miaka ya 1970 alikaribia kabisa kutoweka Uingereza na mpaka leo anaishi sehemu chache sana. Huyu anataka uwazi ndani ya msitu, pale miti ilipokatwa karibu na ardhi ikaachwa ichipue, jua likiingia kinaota kimmea fulani cha maua ya njano ambacho viwavi wake wanakila. Miaka michache tu miti inarudi, kivuli kinafunga, mmea unapotea, na yeye inabidi ahamie uwazi mwingine ulio karibu maana si mrukaji wa mbali. Kwahiyo watunza msitu lazima wajue wapo wapi mwaka huu na wamepungua wapi ndipo wapange pa kukata msimu wa baridi. Hiyo wanaijua kwa hesabu. Na ukataji wenyewe watu wa kujitolea wanashiriki pia, ukipenda kazi ya mikono nenda, mimi naona ndo sehemu tamu kuliko zote.

Majina yasikutishe hata kidogo, aina zote za Uingereza ni kama 59 na kwenye njia moja utakutana na chache tu. Hao wa kahawia subiri mwezi wa saba watulie kwenye maua, uangalie lile doa jeusi kwenye bawa la mbele: Meadow Brown kwa kawaida ana nukta moja nyeupe ndani yake, Gatekeeper anazo mbili na ni mdogo kidogo. Usipokuwa na hakika piga picha, kila kaunti ina mtu wa kujitolea anayepokea rekodi na kuzihakiki, hata ukikosea haiishii hapo.

Kuhusu zamu ongea na jirani yako waziwazi, njia moja inaweza kugawanywa kwa watu wawili watatu, wewe ukachukua wiki ulizo huru. Kuhesabu ni kati ya saa 4:45 asubuhi na 9:45 alasiri, kwahiyo ukitoka zamu ya usiku lala, mwachie mwenzio. Na suruali ichomeke ndani ya soksi, kupe wapo kwenye nyasi hizo.